Kipimo cha Nati: Waadhi juu ya Amana ya Fundi na Haki ya Mwenye Gari

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha chuma akatia ndani yake nguvu na manufaa kwa watu, na akaweka mizani ili waja wasidhulumiane. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake, na kila awafuataye kwa wema hata siku ya malipo.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, katika waraka huu nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona ni dogo, halistahili kupigwa chapa wala kusomwa barazani baada ya sala ya Isha. Nalo ni nati ya gurudumu la gari. Walakini yeyote aliyepakia watoto wake garini akaishika njia ya Mombasa na Malindi, ajua ya kuwa roho yake na roho zao zimefungwa kwa nati chache katika kila gurudumu, na nati hizo zilikazwa na mkono asioujua, mahali asipopaona. Basi jambo lishikalo roho za watu si dogo, na dini yetu haikuliacha bila ya hukumu.

Yaliyonifanya nishike kalamu ni haya. Nilinunua gari iliyotumika, katika zile ziletwazo kutoka Japani zikateremshwa bandarini petu, katika yadi moja ya magari mjini Mombasa. Sitaitaja yadi hiyo kwa jina, kwani makusudio yangu ni nasaha, si kumfedhehi mtu. Tukapatana bei, na wenye yadi wakachukua juu yao kuvua magurudumu ya zamani na kutia rimu mpya na tairi mpya, na kazi hiyo nikaitolea ujira wake mbali. Nikakabidhiwa gari siku ya Alkhamisi baada ya Adhuhuri. Msimamizi akaipiga tairi kwa ncha ya kiatu chake, akaniambia, "Sheikh, hii sasa ni ya kwenda nayo utakapo. Tawakali."

Baada ya Alasiri tukatoka kwenda Malindi kumzuru mgonjwa, mimi na mke wangu na mjukuu wetu wa miaka minne. Tulipokwisha kupita Mtwapa nikasikia mlio, kama mtu agongaye kwa kidole chini ya miguu yangu. Kila nikizidisha mwendo, nao ukizidi, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Mke wangu akasema, "Bwana, simamisha." Nami, nasema haya kwa kuona haya, nikamjibu kuwa ni ubovu wa njia, nikaendelea. Karibu na Kikambala usukani ukatikisika kwa nguvu, nikatoka kando ya barabara. Niliposhuka nikalitazama gurudumu la mbele la kushoto, katika nati tano mbili hazipo, na tatu zilizosalia nikazizungusha kwa vidole vyangu. Mtoto alikuwa amelala kiti cha nyuma, kinywa wazi, hana khabari. Lori likapita kwa kasi hata gari yetu ikayumba pale iliposimama, nami nikafahamu ni lipi lililokuwa likitungoja mbele.

Nikampigia simu msimamizi wa yadi. Jawabu yake ilikuwa hii: "Sheikh, hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Na gari ikisha toka mlangoni kwetu, haiko tena juu yetu." Wallahi, jawabu hiyo ilinikosesha usingizi kuliko khatari yenyewe. Kwani nati huenda ikalegea kwa kughafilika, na binadamu hughafilika. Lakini mtu akifanya kadari kuwa pazia la kuficha uzembe wake, hilo si kughafilika, hilo ni ugonjwa wa moyo. Na gurudumu la yadi moja lina dawa, lakini maradhi haya yameenea katika masoko yetu.

AMRI ALIYOPEWA NABII DAUD

Mwenyezi Mungu atueleza katika Surat Sabai ya kuwa alimlainishia Nabii Daud chuma, akamwamrisha atengeneze deraya kamili na apime sawasawa katika kuzifuma pete zake. Zingatieni, ndugu zangu. Huyu ni mtume na ni mfalme, ambaye milima na ndege walikuwa wakimsabihi Mungu pamoja naye. Na juu ya utukufu huo wote, Mola wake amfundisha kipimo cha msumari. Wafasiri wamepokea kwa Mujahid na wengineo katika Tabiina ya kuwa maana yake ni kwamba asifanye msumari mwembamba ukachezacheza katika tundu yake, wala asiufanye mnene ukaipasua pete. Ule mwembamba deraya itafumuka vitani. Na ule mnene pete itavunjika. Na katika hali zote mbili aliyeivaa atakufa hali amejidhani amehifadhika.

Basi tazameni jinsi amri hiyo iliyomshukia Daud inavyolingana na kazi ya gereji zetu. Nati ya gurudumu ikilegezwa, hufunguka njiani. Ikikazwa kupita kiasi, bolti huvutika ikapoteza nguvu zake na huenda ikakatika, na sahani ya breki huenda ikapinda. Kwa hivyo watengenezaji wa kila gari wameandika katika kitabu chake kipimo cha kukaza, nacho kwa gari ndogo nyingi huwa baina ya 80 na 140 kwa hesabu ya nyutoni-mita, kila gari na kipimo chake. Na ipo spana maalumu ya kipimo ambayo hulia au huashiria pindi nguvu itakiwayo inapofikiwa, ili fundi asifuate nguvu za bega lake wala haraka ya mashine ya upepo.

Na kazi yenyewe ina taratibu zake ambazo kila fundi mwema azijua. Kwanza husugua uso wa kitovu na uso wa rimu, akaondoa kutu na rangi na mchanga, kwani uchafu ukibanwa baina ya vyuma viwili, baadaye husagika ukatoka, na nafasi yake ikawa ulegevu. Kisha huanza kila nati kwa vidole, ili meno yake yasipandane vibaya. Kisha hukaza kwa kuruka, nati hii na ile ya upande wa pili, asifuate duara jirani kwa jirani, ili rimu ikae sawa pande zote. Kisha humalizia kwa spana ya kipimo gari ikiwa imeteremshwa na tairi yagusa ardhi. Na mwisho humwambia mwenye gari, "Ukisha kwenda kilomita 50 hadi 100, zikaguliwe tena," kwani vyuma vipya hukaa na kujipanga.

Na lipo jambo la sita, nalo ndilo lililotupata sisi. Nati si zote namna moja. Zipo zenye uso bapa, zipo za mviringo kama yai, na zipo zenye ncha nyembamba kama pia. Na kila moja yataka tundu ya umbo lake. Rimu za zamani za gari yangu zilikuwa za nati bapa, na zile mpya zilikuwa na tundu zilizochongwa mteremko. Wao wakazirejesha nati zile zile za zamani. Nati bapa juu ya tundu ya mteremko hugusa ukingo tu. Hata ikazwe kwa nguvu za ngamia, haina pa kukaa. Basi msumari haukuwa wa pete yake, na hiyo ndiyo kinyume cha amri aliyopewa Daud.

HUKUMU YA FUNDI NA MWENYE YADI

Wako wasemao, "Fundi ni amini, naye hatozwi kitu." Maneno haya yana asili, lakini yamekatwa nusu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, kauli yenye nguvu ni kuwa mkono wa fundi ni mkono wa amana. Chombo cha mtu kikiharibika mikononi mwake pasi na kukiuka wala kuzembea, hana dhamana. Walakini akikiuka mpaka au akipunguza katika alilopasiwa kulifanya, amana huondoka, na dhamana humpanda. Na Rabii bin Sulaiman, mwanafunzi wa Imamu, amepokea kuwa Imamu Shafi'i alikuwa akiona hapana dhamana juu ya mafundi ila kwa walichokiharibu kwa mikono yao, lakini hakuwa akiitangaza rai hiyo, kwa kuchelea mafundi waovu wasije wakaifanya ngao. Rahimahullah! Ni kama kwamba alizipita gereji zetu akachungulia ndani.

Na kuzembea ni nini? Kila kazi hupimwa kwa ada ya wenye kuijua. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amefundisha katika hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengine kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ana dhamana. Basi ajitiaye ufundi, akatia nati isiyokuwa ya rimu yake, na spana ya kipimo asiitumie, hawezi kusema, "Sikuwa mzembe." Na hawezi kusema, "Ni kadari." Kila kitu ni kwa kadari, kheri yake na shari yake, na hilo ni katika nguzo za imani yetu. Lakini mwizi naye aliiba kwa kadari, na mkono wa sheria haukumwacha kwa sababu hiyo. Sisi Ahlu Sunna twaamini kadari kwa yaliyopita ili tupate subira, wala hatuitoi hoja ya kuvunja haki za watu.

Tena wenye yadi wengi hutundika ubao ukutani: kilichouzwa hakirudi, na aibu zote ni juu ya mnunuzi. Jueni, ndugu zangu, ubao huo haumtoi muuzaji katika dhima. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj ya kuwa muuzaji akishurutisha kuepukana na aibu zote, kauli iliyo dhahiri ni kwamba huepukana na aibu moja tu, nayo ni ile iliyofichika ndani ya mnyama ambayo yeye hakuijua. Ama nyingine zote, sharti lake halimfai kitu. Na nati ya gurudumu si tumbo la mnyama. Yaonekana kwa mwenye kuinama. Na Mtume alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta umajimaji chini yake, hakukubali udhuru wa mvua. Alitaka kile kilicholowa kiwekwe juu watu wakione, na akatangaza ya kuwa mwenye kughushi hayuko katika njia yake. Imepokewa na Imamu Muslim. Basi msimamizi apigaye tairi kwa kiatu mbele ya mnunuzi hali ajua nati si zake, ameiweka nafaka kavu juu.

HAKI YA MWENYE GARI NA ADABU YA KUIDAI

Ewe ndugu uliyepatwa na mfano wa haya, jua kwanza kuwa haki ya kurudisha chenye aibu, katika madhehebu yetu, ni ya papo hapo. Ukisha ijua aibu ukanyamaza bila ya udhuru, au ukaendelea kukitumia kitu, haki yako ya kurudisha yaanguka. Mafakihi wamesema hata aliyempanda mnyama baada ya kujua aibu yake, imempotea haki, ila akiwa ni mnyama mkaidi asiyeweza kuongozwa wala kuswagwa ila kwa kupandwa ili arudishwe. Kwa hivyo usiseme, "Nitakwenda nayo hivi hivi mpaka Jumatatu." Na katika gurudumu lililolegea iko sababu kubwa kuliko ya mali: haikuhalalikii kuipanda, kwani ni kujitia katika maangamizo, na kuwatia na wengine wapitao njia.

Basi simama. Toa watu garini uwaweke mbali na barabara. Piga picha za gurudumu kama lilivyo kabla hujaligusa. Zilizosalia nati usizitupe. Mwite fundi mwingine mwadilifu aone na aandike alichokiona, kwani ushahidi wa mwenye kujua una uzito. Gari na ipelekwe kwa kuvutwa, si kwa kuendeshwa. Na siku ile ile wapelekee waliofanya kazi khabari kwa maandishi, pamoja na risiti, uwape nafasi ya kutengeneza. Wakikataa, tafuteni watu wawili wenye insafu wasuluhishe, kwani sulhu baina ya Waislamu yafaa, ila ile ihalalishayo haramu au iharamishayo halali.

Na sulhu ikishindikana, mlango wa serikali si haramu kuubisha. Wengine hutaka kulipeleka shauri hili kwa kadhi, na kadhi wetu nampa heshima yake. Lakini kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 mahakama ya kadhi husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Shauri la gari si lake. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zilizo njema, na fidia akipata hasara kwa ubovu wake, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yafuata njia hiyo. Na ipo mahakama ya madai madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yataka shauri likatwe katika siku 60. Haya si kinyume na dini yetu, bali ni katika kumzuia dhalimu na dhulma yake; na Mtume ametufundisha kuwa kumzuia dhalimu ndiko kumsaidia.

Walipopata khabari, rafiki zangu wa barazani wakaniambia, "Sheikh, wewe ni mtu wa dini. Samehe." Nikawajibu: mali yangu naweza kuisamehe. Lakini kesho atakuja mtu mwingine na wanawe, naye atatiwa nati kama zangu. Je, nimsamehee mwenye yadi roho za watoto wa watu? Mtu alipokuja kumdai Mtume deni lake kwa maneno makali, masahaba wakataka kumwadhibu, Mtume aliwakataza, akawaambia ya kuwa mwenye haki ana maneno yake, na akaamrisha alipwe ngamia bora kuliko wake. Basi kunyamaza si kila siku ni subira. Mara nyingine ni uvivu uliovaa joho la subira.

Lakini sikilizeni upande wa pili, kwani hapa ndipo nafsi yangu ilipotaka kuniangusha. Mwenye lori la kuvuta, alipokuwa akiifunga gari yangu, aliona mkwaruzo katika bawa la mbele. Mkwaruzo huo ulikuwapo tangu siku niliponunua, nami niliujua nikauridhia. Akaniambia, "Sheikh, na huu utie katika madai. Watalipa tu." Ndugu zangu, sitawaficha. Nilikaa kimya muda wa kutosha kuhesabu ni shilingi ngapi. Nilikuwa na ghadhabu, na ghadhabu ilinipambia ya kuwa wao wamestahiki. Kisha nikaukumbuka msumari wa Daud. Dai nalo lina kipimo. Dai lililolegea huiacha dhulma ipite; na dai lililokazwa kupita kiasi hupasua pete, likamgeuza mdhulumiwa kuwa dhalimu. Nikaandika nati, bolti, rimu iliyolika tundu zake, ujira wa kazi na gharama ya kuvutwa. Mkwaruzo sikuuandika. Na Mtume amemwombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake.

KIJANA ALIYEKAZA NATI

Usiku wa pili mlango wangu ukabishwa hodi. Nikafungua, nikamwona kijana aliyekhitimu msahafu chuoni kwangu, miaka kadhaa sasa. Akanibusu mkono, wala hakuuachia.

"Maalim," akasema, "ile gari niliitengeneza mimi."

Nikamketisha. Akanieleza ya kuwa aliziona nati hazikukaa, akamwambia mkubwa wake, naye akamjibu, "Kaza, mwenyewe angoja." Nikamwuliza juu ya spana ya kipimo. Akasema, "Imefungiwa ofisini, Maalim. Wasema ikiachwa nje itaibiwa. Twatumia mashine ya upepo, magari tisa, kumi kwa siku."

Nikamwambia, "Na mimi nilikuwa nimesimama pale. Kwa nini hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuona, Maalim. Wewe hukunijua. Nikaona haya."

Na ni kweli. Alikuwa amechutama kando ya gurudumu, kofia usoni, mikono imejaa mafuta, nami nilipita nikasema na msimamizi aliyevaa shati jeupe. Kisha akaniambia lililomleta: msimamizi ameamua kuwa hasara yote nitakayolipwa itakatwa katika mshahara wake kwa miezi mitatu, na mama yake humtazama yeye.

Nikalala nikilifikiri jambo hili. Asubuhi nikaenda yadini, nikaomba kumwona mwenye yadi mwenyewe. Nikamwambia: "Mapatano yangu yalikuwa na wewe, na kazi ilikuwa katika dhima yako, si ya kijana huyu. Yeye ni ajiri wako peke yako, afanyaye kazi mbele yako kwa amri yako, na ajiri wa namna hiyo hatozwi ila kwa kukiuka. Yeye alitoa khabari, na aliyeamrisha kazi ikazwe ni mtu wako. Shilingi itakayotoka katika jasho lake siitaki. Na kumbuka ya kuwa Mwenyezi Mungu, kwa hadithi aliyoipokea Bukhari, ameahidi kuwa Yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa mshindani, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemtumia ajiri akachukua kazi yake kamili kisha asimpe ujira wake. Mimi ukinishinda mahakamani, utakuwa umemshinda mtu mmoja tu."

Mwenye yadi alikaa kimya kitambo. Sikumwona ni mtu mwovu. Ni mtu aliyezoea. Akaniuliza, "Spana hiyo ilifungiwa lini?" na msimamizi hakuwa na jawabu. Tukasuluhiana. Wakatia bolti tano mpya na rimu mpya na nati za umbo lake, wakanirudishia ujira wa kazi, wakalipa gharama ya kuvutwa kutoka katika mfuko wa yadi, na mshahara wa kijana haukuguswa. Spana ya kipimo ikatundikwa ukutani mahali pa kazi. Nilipokwisha kwenda kilomita 70 nikarudi, na kijana akaikagua kila nati mbele yangu, akaniita niitazame spana inapolia.

Walakini sikumaliza hesabu yangu na yule kijana, kwani naye alikuwa na fungu lake la lawama, nami nikamwambia kwa upole. Kumwambia mkubwa wako hakukutoshi pindi roho ya mtu iko khatarini. Wajibu ni kumwambia na mwenye gari, hata ukiona haya, hata ukichelea kazi. Haya ya kweli ni kumwonea haya Mola wako akuonaye uliko chini ya gari, pasipo jicho la msimamizi wala la mnunuzi.

Na fungu la tatu la lawama ni langu. Kijana huyu nilimsomesha Surat al-Mutaffifin herufi kwa herufi. Nilimpiga kwa shadda aliyoiacha. Nilimfunza kutoa kila herufi mahali pake hata akaisoma kwa uzuri wa kuliza. Lakini sikumwambia hata siku moja kuwa wale wapunguzao vipimo, ambao Mwenyezi Mungu amewahofisha kwa adhabu, si wauza mchele na vitambaa peke yao. Kila kazi ina kishi chake na ratili yake. Fundi apunguzaye ukazaji amepunja. Mwalimu asomeshaye herufi akaacha maana naye amepunja, na kipimo chake ni cha miaka. Sasa, kila Alkhamisi, wanafunzi wangu wakubwa huwaeleza sura hiyo kwa kazi za baba zao: seremala, mshoni, nahodha, dereva wa matatu, karani wa bandari.

KHATIMA

Enyi wenye yadi na gereji, msiifungie spana ya haki ofisini. Wapeni mafundi wenu wakati wa kupima, kwani dakika mnazozikata katika kazi yao mwazikata katika umri wa watu. Enyi mafundi, kazeni kama kwamba mwanao ndiye aliyelala kiti cha nyuma. Enyi wenye magari, mkiambiwa na wake zenu "simamisha," simamisheni. Na mkidhulumiwa daini, na mkidai pimeni. Na enyi waalimu wenzangu, watazameni usoni vijana waliochutama chini ya magari yetu, kwani wengi wao ni wanafunzi wetu, na Siku ya Kiyama tutaulizwa juu yao.

Ewe Mola wetu, uliyemlainishia Daud chuma, zilainishe nyoyo zetu zipate kuikubali haki. Tulinde katika safari zetu, nchi kavu na baharini. Tuepushe na kula ujira tusioustahiki, na kudai haki isiyo yetu, na kunyamaza pasipo na kunyamaza. Na umsalie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake, uwape amani. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.